Maziko ya Mtu Asiyezaliwa

Tarehe 24 Machi 1970, katika ukumbi wa kampuni ya uchapishaji ya Kodansha mjini Tokyo, watu wapatao 700 walikusanyika kumuaga mtu ambaye hakupata kuzaliwa. Palikuwa na picha ya marehemu, na kuhani wa Kibudha akasoma sala za wafu. Palijengwa ulingo wa ndondi, na kengele ikagongwa mara kumi, kama ilivyo desturi ya mabondia wanapomuaga mwenzao. Marehemu aliitwa Rikiishi Toru. Alikuwa bondia, na maisha yake yote ya duniani aliyaishi ndani ya kurasa za jarida la watoto lililokuwa likitoka kila wiki.

Nimeona niieleze habari hii kwa sababu mara kwa mara nawasikia watu wazima wakiwacheka vijana wanaokesha wakibishana juu ya wahusika wa katuni za Kijapani: nani alikuwa na haki, nani msaliti, nani hakustahili kufa. Vijana hao huambiwa kwamba wanapoteza wakati kwa mambo ya kitoto. Lakini ubishi huo una historia yake, na ndani ya historia hiyo wamo washairi, wamo walioteka ndege, na wamo watu waliokuwa bado wakiwalilia ndugu zao waliokufa vitani.

Kwanza neno lenyewe. Sisi tunasema mhusika, yaani yule ambaye jambo linamhusu. Wajapani wana neno lao lenye asili ya jukwaani, tojo jinbutsu, maana yake mtu anayejitokeza. Kwao anajitokeza, kwetu anahusika. Mfasiri akiyaweka maneno haya mawili kando kwa kando huona kwamba suala wanalobishania mashabiki limo katikati yake. Huyu aliyejitokeza mbele yetu, anamhusu nani? Ni wa aliyemtunga peke yake, au ni wetu pia sisi tuliomtazama akikua, akipigwa, akiinuka?

Kisa cha Rikiishi kimo katika Ashita no Joe, ambayo kwa Kiswahili ningeiita Joe wa Kesho. Ilianza kutoka mwezi wa Januari 1968 katika Shonen Magazine, jarida la hao hao Kodansha. Mtunzi wa maneno alikuwa Takamori Asao, ambaye wengi wanamjua zaidi kwa jina lake jingine la uandishi, Kajiwara Ikki. Mchoraji alikuwa Chiba Tetsuya. Joe ni yatima, mtoto wa njiani, anayeingia katika mtaa wa vibarua wa Tokyo, mtaa uliochorwa kwa mfano wa San'ya, walikolala watu waliojenga mabarabara na majumba ya Japani mpya ilhali wao wenyewe hawana nyumba. Bondia mzee, mlevi, Tange Danpei, anaitazama mikono ya kijana huyu na kuamini kwamba ameiona kesho. Joe anaishia katika jela ya vijana, na humo ndimo anamokutana na Rikiishi, bondia aliyekwishapata jina, mtu wa maneno machache na kimo kirefu.

Hicho kimo ndicho kilichomwua. Inasimuliwa kwamba Chiba alipomchora Rikiishi kwa mara ya kwanza alimfanya mrefu kuliko Joe kwa kuwa hakujua bado kwamba mtunzi mwenzake amekusudia hao wawili wawe mahasimu wa ulingoni. Na ndondi zina madaraja ya uzito. Mtu wa umbo lile hawezi kupigana na Joe ila akonde, basi ikabidi Rikiishi akonde: ajinyime chakula, kisha ajinyime maji, mpaka mabomba yafungwe kwa waya asije akayafungua kwa kiu. Shiraki Yoko, mjukuu wa tajiri anayemfadhili, anamletea kikombe cha maji ya moto. Rikiishi anayamwaga sakafuni na kumshukuru kwa wema wake. Yaani kalamu ilikosea vipimo, na kosa likageuzwa kiapo. Alipigana, akashinda, akanyoosha mkono kumpa Joe, akaanguka. Hayo yalichapishwa mwanzoni mwa 1970.

Nani aliyemwua? Katika kisa chenyewe zinatajwa ngumi ya Joe iliyompata kwenye panja, kamba ya ulingo iliyompiga kisogoni alipoanguka, na mwili uliokwisha kumalizwa na njaa. Lakini wasomaji hawakuuliza kama madaktari. Mtu aliweza kumlaumu Joe. Aliweza kumlaumu Yoko na mali yake. Aliweza kumlaumu Rikiishi mwenyewe, ambaye angebaki katika uzito wake angekuwa bingwa na angeishi. Na aliweza, hili ndilo jipya, kuwageukia Takamori na Chiba na kuwaambia: nyinyi ndio mliomwua, na sisi hatukuulizwa.

Aliyelichukua suala hili na kulifanyia maziko alikuwa mshairi. Terayama Shuji, mzaliwa wa mwaka 1935, mtu wa Aomori kule kaskazini, alianza kupata jina akiwa kijana kwa tungo fupi za kale ziitwazo tanka, kisha akaanzisha kikundi cha maigizo cha Tenjo Sajiki mwaka 1967. Aliipenda ndondi kwa dhati, na aliandika akiuliza ni nani aliyemwua Rikiishi. Yeye na wenzake wa maigizo ndio walioongoza shughuli ya siku ile. Wapo waliosema baadaye kwamba ulikuwa mchezo tu wa kuigiza, na tena ulilifaa jarida katika mauzo yake. Hilo halikanushiki. Walakini mimi nikifikiri juu ya vijana wale mbele ya ulingo mtupu, naona kwamba mshairi alilitambua jambo ambalo wahakiki wa zama zake hawakuliona: kwamba huzuni ilikwisha kuwapo kabla yake, imezagaa majumbani na mashuleni, haina mahali pa kukaa. Yeye aliipa mahali na saa. Kazi hiyo ni kongwe kuliko uandishi, na kila kijiji kina mtu wake wa kuifanya.

Zilipita siku saba. Tarehe 31 Machi, vijana tisa wa kundi lililojiita Jeshi Jekundu waliiteka ndege ya shirika la Japan Airlines iliyokuwa ikitoka Tokyo kwenda Fukuoka, na baada ya kusimama Seoul wakafika nayo Pyongyang. Katika tamko lao la kuaga, mwishoni kabisa, walitangaza kwamba wao ni Joe wa Kesho. Si kwamba wanampenda, wala si kwamba wanafanana naye. Bali wao ndiye. Siku iliyofuata, tarehe 1 Aprili, kipindi cha kwanza cha Ashita no Joe kilionyeshwa katika televisheni ya Fuji, kikiongozwa na Dezaki Osamu, na maneno ya wimbo wake wa kufungulia yalitungwa na yule yule Terayama.

Yote hayo yalitokea katika muda wa siku tisa. Ilikuwa zama ambapo wanafunzi wa vyuo vikuu vya Japani walisemwa kwamba hushika jarida la siasa mkono mmoja na jarida la katuni mkono wa pili. Mwaka mmoja kabla yake, Januari 1969, polisi waliwatoa kwa nguvu wanafunzi waliojifungia katika jumba la Yasuda la Chuo Kikuu cha Tokyo. Waliokwisha kushindwa mitaani walimtazama Joe, ambaye hushindwa na kuinuka, na wakajiona. Sistaajabu. Lakini yafaa tuwatenganishe watu wa ukumbini na watu wa ndegeni, maana mara nyingi hutajwa pamoja kana kwamba ni wamoja. Wale 700 walikuwa wakiuliza juu ya mhusika. Wale tisa walikuwa wamekoma kuuliza. Anayebishana juu ya Joe hana budi amwache Joe asimame mbali naye kidogo, apate kumwona vizuri, amlaumu panapostahili. Anayesema kwamba yeye ndiye Joe hana tena wa kumlaumu. Kiongozi wao, Tamiya Takamaro, alifia Pyongyang mwaka 1995.

Joe naye alifika mwisho wake mwezi wa Mei 1973. Ameshindwa kwa pointi na bingwa wa dunia, Jose Mendoza. Amekaa kwenye kigoda pembeni mwa ulingo, kichwa kimeinama, midomo ina tabasamu, na mwili wote ni mweupe kama jivu. Amekufa au amelala? Mtunzi aliandika mwisho mwingine, na Chiba akauweka kando akachora huu. Tangu hapo mzozo haujatulia: hutazamwa mstari wa shingo, huhesabiwa vivuli, hurejewa maneno aliyoyasema Joe zamani juu ya kuungua mpaka lisibaki kaa bali jivu jeupe. Chiba, ambaye mwaka 2024 alitunukiwa Nishani ya Utamaduni, akiwa mchoraji wa kwanza wa manga kuipata, alimwachia msomaji tabasamu lile, na msomaji hajamrudishia.

Nchi ile ilikuwa na jeraha jingine ambalo ubishi wa wahusika ulikuja kuligusa. Mwaka 1974 ilianza katika televisheni hadithi ya merikebu Yamato, iliyofufuliwa kutoka chini ya bahari ili isafiri baina ya nyota. Kila Mjapani alilijua jina hilo. Yamato halisi, manowari kubwa, ilizamishwa tarehe 7 Aprili 1945 katika safari ambayo hapakutarajiwa kurudi, na takriban watu 3,000 walikwenda nayo. Mfululizo wenyewe haukupendwa mwanzoni, ukakatwa ukabaki vipindi 26. Ni mashabiki walioubeba kwa barua na vijarida vyao hata ukarudi kama filamu mwaka 1977. Ndipo Agosti 1978 ikatoka filamu ya kuaga, na ndani yake karibu kila mtu anakufa. Mwishoni nahodha kijana, Kodai Susumu, anakiongoza chombo chake kumwendea adui ili afe naye. Watu walilia katika majumba ya sinema. Na wengine walikasirika. Kwani si hivyo hasa walivyoambiwa vijana wa mwaka 1945, kwamba kufa na chombo ni uzuri? Matsumoto Leiji, mmoja wa waliounda hadithi hiyo, ambaye baba yake alikuwa rubani wa jeshi, hakukubaliana na mwisho ule. Miezi mitatu haijapita, mnamo Oktoba 1978, kisa hicho hicho kikaanza upya katika televisheni, na safari hii Kodai akabakizwa hai. Hivyo basi, kwa mwaka mmoja Japani ilikuwa na Kodai aliyekufa na Kodai aliyeishi, na kila mmoja alichagua wa kwake. Mimi ningemchagua aliyeishi, ingawa nakiri filamu ina nguvu zaidi.

Miaka iliyofuata nitaipita haraka. Jarida la Animage lilianzishwa mwaka 1978 na punde likaanza kuwapigisha kura wasomaji wamtaje mhusika wampendaye. Mfululizo wa Gundam ulikatizwa Januari 1980 ukiwa na vipindi 43, kisha mashabiki wakaurudisha kwa kelele zao. Tarehe 22 Februari 1981 maelfu ya vijana walijaa mbele ya kituo cha Shinjuku kusikiliza tamko la zama mpya za anime. Na katika mikutano ya Comic Market, iliyoanza Desemba 1975 kwa watu wapatao 700 tu, wasichana waliokuwa wengi humo walivumbua namna ya kubishana isiyohitaji hoja: ikiwa hukupendezwa na alivyotendewa mhusika, mwandikie kisa kingine mwenyewe, ukichape, ukiuze mezani.

Nataka nikae kidogo katika One Piece, ambayo kwa urefu wake haina mfano wa karibu. Oda Eiichiro aliianza Julai 1997 katika Shonen Jump, na televisheni ikaifuata tangu Oktoba 1999 kwa vipindi vilivyokwisha kupita 1,100. Mtoto aliyeanza kuitazama akiwa darasa la kwanza leo huenda ana mtoto wake darasa la kwanza. Ni hadithi ya mabaharia, na kwa hiyo sisi watu wa visiwani tuna haki ya kuisema neno.

Ubishi ninaouona kuwa mkubwa kuliko yote ndani yake ni wa mwaka 2004, nao ni juu ya chombo. Luffy, nahodha mwenye kofia ya majani, na wenzake wamekuja mpaka mji wa mafundi wa vyombo wakiwa na merikebu yao ndogo, Going Merry. Fundi anaikagua na kurudi na hukumu: mkuku umevunjika. Mbao hubadilishwa, mlingoti husimamishwa mwingine, tanga hushonwa. Lakini mkuku ndio chombo chenyewe. Luffy anaamua wanunue chombo kipya. Usopp anakataa. Merry ilitoka kijijini kwake. Yeye ndiye aliyekuwa akiigongelea misumari na kuibandika viraka kila ilipoumia. Maneno yanapanda, heshima inavunjika, na usiku ule marafiki wawili wanapigana ufukweni mbele ya chombo. Usopp anashindwa. Luffy anamwachia merikebu na kuondoka, na wote wawili wanalia.

Nani alikuwa na haki? Wanaosimama na Luffy husema kwamba nahodha hupewa unahodha kwa ajili ya siku kama ile, siku ambayo hapana jawabu jema. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Wanaosimama na Usopp husema kwamba urafiki unaopimwa kwa mkuku si urafiki. Na wapo wasomaji waliotazama ndani zaidi, na hao ndio wanaonifundisha mimi. Wao husema kwamba Usopp hakuwa akiitetea Merry. Alikuwa mnyonge kuliko wote melini. Punde tu alikuwa amepigwa na kunyang'anywa fedha za wenzake. Aliposikia kwamba kilichodhoofika huachwa nyuma, alisikia habari zake mwenyewe. Ukiisoma hivyo, kila neno lake kali hugeuka kuwa ombi.

Mwaka 2006 Merry yenyewe inakuja peke yake baharini kuwaokoa, kisha inapasuka vipande viwili. Luffy anashika mwenge na kuiwasha kwa mkono wake, na chombo kinasema, kikiomba radhi kwamba hakikuweza kuwafikisha mbali zaidi. Msomaji wa kwetu anaweza kuona ukatili katika moto ule. Lakini Wajapani huchoma maiti zao. Moto ule ni maziko. Ni ulingo wa mwaka 1970 umerudi juu ya maji, ila safari hii mtunzi hakungoja mshairi aje kumfanyia shughuli. Baadaye Usopp anataka kurudi, na Zoro anasimama mbele ya nahodha wake: mtu aliyejitoa arudi kwa kuomba msamaha kwanza, ama sivyo mimi nitaondoka. Vijana wengi humwona Zoro kuwa na moyo mgumu. Mimi naona yeye ndiye pekee aliyeyathamini maneno ya Usopp, kwani aliyasikia kama maneno ya mwanamume na wala si kilio cha mtoto.

Oda ana desturi ya kujibu maswali ya wasomaji ndani ya majuzuu yake. Aliwahi kuulizwa, mabaharia hawa wangalikuwa watu wa dunia yetu, wangalitoka nchi gani? Akajibu: Luffy ni Mbrazili, Zoro Mjapani, Nami wa Sweden, Sanji Mfaransa, na akaendelea hivyo, kila mtu na nchi yake. Usopp akasema ni wa Afrika. Wenzake wamepata nchi, yeye kapewa bara zima. Mtu anaweza kuudhika, na ana haki. Mimi nilicheka kwanza. Kisha nikakumbuka ni nani katika jahazi lile aliyekataa kukitupa kilichovunjika.

Mwaka 2025 bendera ya Luffy, fuvu lenye kofia ya majani, ilitoka vitabuni ikaingia mitaani. Watu wa Indonesia waliitundika mwezi wa Agosti, karibu na sikukuu yao ya uhuru, na wakubwa wakakasirika. Septemba ilionekana Kathmandu kwenye lango la jumba la serikali lililokuwa likiungua. Nilipoziona picha hizo nilikumbuka wale tisa wa ndegeni, na nikawa na wasiwasi. Tarehe 25 mwezi huo huo ikafika Antananarivo, kwa jirani zetu wa Madagaska, mikononi mwa vijana waliochoshwa na kukatiwa maji na umeme, na katikati ya Oktoba serikali ya Rajoelina ilikuwa imeanguka. Lakini Wamalagasi hawakuichukua kama walivyoikuta. Kofia ya Luffy waliivua, na mahali pake wakalivika fuvu satroka, kofia ya Wabetsileo. Mwenye kutaka kubisha kwamba bila ya kofia ya majani hiyo si bendera ya Luffy tena, na abishe.